Moyo wa Pili Kwenye Kipembe

Nesi Kunigunda alikikuta sakafuni kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Akakiokota. Kikapiga. Tu-tu-tu-tu, mbio mbio, mkononi mwake, saa saba mchana, jua kali, wodi haina mgonjwa hata mmoja.

"Mama Hilde, unasikia?"

Hildegardi, mfagizi, akaegemea ufagio. "Nasikia njaa tu, sista. Nenda ukale."

Tusidanganyane: Kunigunda alijua moyo ule ni wa nani. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, madukani Mbamba Bay kumejaa sabuni za kila rangi, zahanati haina hata glovu. Alphonce, mganga mkuu wa pale, alitoa amri: mjamzito asiyekuja na glovu zake haingii chumba cha kujifungulia. Wiki iliyopita Tadea alitembea kutoka Kingerikiti, kule milimani, uchungu umemshika, akafika mikono mitupu. Kunigunda alimpima, akausikia moyo wa mtoto unapiga vizuri, kisha akamketisha benchi la nje, mume akimbilie dukani. Glovu zilipofika, moyo ulikuwa umenyamaza.

"Andika alifia tumboni kabla ya kufika," Alphonce alisema.

Akaandika.

Sasa kila mjamzito aliyempima alikuwa na mioyo miwili, wa mtoto na mwingine nyuma yake, na huo wa pili ulisogea kila siku, ukatoka tumboni, ukapanda ndani ya mbao kuelekea sikio lake na harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, uliooza, na alipofumba macho akasali rozari, ukapunguza mwendo, ukaifuata Salamu Maria neno kwa neno, mpaka mwisho wa sala ile pakatoka kwenye tundu la kipembe sauti nene, ya mtu mzima, ikinong'ona: "Amina."

Nyuma yake ndoo ilianguka. Safari hii Hildegardi alisikia.

"Huyo si mtoto, sista," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto wa Tadea hana ubaya na mtu. Hilo jini. Limekuta uongo wenu, limepanga chumba."

Kunigunda alikwenda kuungama. Padre Kilian alimwondolea dhambi, kisha akasema, "Kwa Mungu yamekwisha, mwanangu. Lakini daftari lenu bado linasema uongo."

Kesho yake alipanda Kingerikiti, daftari kwapani, kipembe mfukoni. Akapiga magoti kwenye matuta ya Tadea.

"Alikuwa hai. Nilimsikia. Nikakuweka benchi."

"Unaniambia mimi?" Tadea hakuacha jembe. "Alikuwa ananipiga mateke pale benchi, wewe unapita na beseni lako. Andika. Hapa hapa, nione."

Akakata mstari, akaandika: *Alifika hai. Alisubiri nje.* Akasaini. Kipembe kikapiga mara moja, kikanyamaza.

Tadea hakumsamehe. Alimpa maji ya kunywa, basi. "Haya, toka shambani kwangu."

Alphonce aliposoma, aliuchana ukurasa, akautia mfuko wa shati. "Unataka nifungwe?"

"Chana, Bwana Mganga. Nitaandika tena."

Mlangoni alisimama mjamzito, mikono mitupu.

"Pita ndani, mama. Glovu tutajua mbele."

Akainama na kipembe. Moyo mmoja. Mmoja tu, mzuri.

Ofisini, Alphonce alikuwa ameshika kifua, pale penye mfuko wenye ule ukurasa. Harufu ya usipa ilitambaa chini ya mlango.

"Hilde! Nani anagonga?"

Hildegardi aliendelea kufagia.

"Nasikia njaa tu, Bwana Mganga. Nenda ukale."