Hodhi la Kuogea Nyumbani kwa Kipchumba

Ndugu zangu wa ushirika, mnaijua nyumba ya Kipchumba pale Spånga, huku Uswidi, ghorofa ya juu ya kwangu. Kila Jumamosi ilikuwa nyumba ya mandazi na nyimbo, na Rita, binti yao wa pekee, akicheza majini ndani ya hodhi la kuogea mpaka mama yake, Maryanne, amtoe kwa nguvu.

Kisha Kipchumba akaanza kutazama simulizi za Wamarekani wa kawaida, wa kati ya vita vikuu viwili: serikali ilipiga marufuku pombe, nao wakaitengeneza majumbani, wengine ndani ya hodhi la kuogea. Naye akajaza hodhi lake kangara, yaani pombe ya kuchachusha, akaweka jikoni mtambo wa kuikeneka iwe chang'aa, ile pombe kali.

"Watu wa heshima walifanya hivi, Mama Rita. Mafundi, wakulima, hata wazee wa kanisa."

"Na watoto wao walioga wapi?"

"Hiyo simulizi haikusema."

Tangu hapo madirisha hayakufunguliwa, harufu isitoke. Zamu yao ya kutupokea kwa maombi ya nyumbani ilipofika, Maryanne alisema anaumwa. Iliporudi, akasema wanapaka rangi. Kanisani ikasemwa ana maringo, mialiko ikakoma. Kumbe, alinieleza baadaye, alikuwa akimwogesha mtoto kwenye sinki, na aliogopa kusema, mume asije akafungwa, maana huku kukeneka pombe nyumbani ni kosa. Rita naye alifundishwa neno moja: usimfungulie mtu.

Jumapili moja Maryanne alikuwa kazini, kuhudumia wazee. Nikasikia king'ora cha moshi. Nilipanda huku nikiwapigia zimamoto, nikakuta moshi unapenya chini ya mlango. Nikagonga.

"Jag får inte," mtoto akasema kwa Kiswidi. Haruhusiwi.

"Rita, ni mimi, Nyanya wa chini. Baba yuko wapi?"

"Amelala jikoni. Namwita, haamki."

"Basi, mjukuu wangu, aliyekukataza amelala. Mtii aliye macho."

Nikamwomba Mungu. Kisha kitasa kikazunguka.

Rita alitoka mzima. Baba yake alibebwa na zimamoto. Yu hai, ila akipanda ngazi hukaa chini katikati kutafuta pumzi, na kesi inamngoja. Maryanne na mtoto wako kwangu. Hata leo mtu akibisha hodi, Rita hujificha.

FUNZO

Pombe humfunga mnywaji, lakini siri yake huwafunga hata wasioionja. Mzazi, usimpe mtoto siri ailinde. Nasi waumini, nyumba ikijifungia tusiseme ni maringo. Twende tukagonge, na tusipofunguliwa, turudi tena.