Mkono Ulioacha Kuuma

Kila akitoka shule, Vidole alipitia kibanda cha ususi kumsaidia shangazi yake. Wateja ndio waliompa jina hilo, maana mistari yake ilinyooka na hakumvuta mtu ngozi.

Siku moja aliteleza kwenye ngazi za shule, akaangukia kiganja. Kifundo cha mkono kikaumuka kama unga uliotiwa hamira. Na kesho yake alikuwa ameahidiwa kumsuka bibi harusi, yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza! Akachana kitambaa, akaubana mkono, akakaza fundo kwa meno, kisha akavaa sweta.

"Sweta ya nini na joto hili?" mama akamuuliza.

"Nasikia baridi, mama."

"Haya, mtoto wa friji."

Alilala kwa shida. Asubuhi vidole vilikuwa na ganzi na maumivu yamepungua. Akafurahi, akadhani kitambaa kimemponya. Akakikaza zaidi.

Kibandani, nywele zilimponyoka. Akazishika tena, zikaponyoka.

"We Vidole, unanisuka au unanipapasa?" bibi harusi akacheka.

Shangazi akamshika mkono, akashtuka. Vidole vilikuwa baridi, vimepauka. Akapandisha sweta. "Mungu wangu! Mwanangu, umeunyonga mkono!"

Hospitalini daktari alikikata kitambaa. Rangi ikarudi, lakini kidole gumba na viwili vya jirani yake havikusikia hata pini.

"Mkono ukivimba unataka nafasi," daktari akasema. "Ukiubana, uvimbe unakandamiza ndani, damu haipiti. Mshipa wa fahamu nao huishi kwa damu. Huu uliumia kwa kuanguka, kisha ukanyimwa damu. Ukiumia unapiga kelele, ndiyo maumivu. Ukizidiwa unanyamaza, ndiyo ganzi."

"Utapona?" akauliza mama, aliyekuwa ameitwa na shangazi.

"Uvimbe utaisha. Mshipa huota polepole mno, na mwingine hauoti tena. Sitakudanganya, mama."

Uvimbe uliisha kweli. Kifundo kikapona, miezi ikapita, vidole vitatu vikabaki vilevile. Bibi harusi alishasukwa na mwingine.

"Ungesema siku ileile, mwanangu," mama alimwambia asubuhi moja. "Kiungo kikivimba kiinue, usikikaze, umwambie mtu mzima. Na kikifa ganzi, hapo ndipo pa kukimbia hospitali. Usifurahi."

"Niliogopa kukosa kusuka, mama."

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya Vidole, msichana mkubwa sasa, akimfunga vifungo vya shati la shule, kimoja kimoja.