Mgeni wa Mgeni

Kitu cha kwanza kwenda kombo katika nyumba ya Bibi Liang kilikuwa hodi. Ilipigwa mchana, wakati wa usingizi wa baada ya chakula, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, tena mwenye adabu zake: "Hodi, wenyewe." Ilham, aliyejinyoosha kitandani na kitabu cha Kichina kifuani, akaitikia kabla akili haijafika: "Karibu."

Halafu akakumbuka yuko wapi. Yuko Guangzhou, ghorofa ya sita, nyuma ya maduka ya Shisanhang, nyumbani kwa mjane wa Kichina na mjukuu wake mdogo. Kiswahili cha jengo zima kilikuwa chake peke yake.

Akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Ngazi zilikuwa zimelowa, maana ulikuwa mwezi wa tatu, msimu ambao kuta za mji ule hutoka jasho na nguo hazikauki. Lakini harufu iliyompita ubavuni kuingia ndani haikuwa ya unyevu. Ilikuwa ya udi.

Wapo watakaosema kuwa msichana wa Unguja aliyefunga safari peke yake mwaka wa tisini na nane, akaenda kukaa na watu asiowajua ili ajifunze lugha yao, alijitafutia. Waseme. Ilham hakuponzwa na uhuni wala ujeuri. Aliponzwa na malezi mema. Tangu anajifunza kusema amefundishwa kwamba hodi ya mtu haiachwi mlangoni. Wangemlea vibaya, angenyamaza.

Haukupita muda, yule mjukuu, Lan, akaanza kukataa chakula. Asubuhi moja bibi yake alimwekea uji wa mchele, mtoto akausukuma, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Sitaki. Hauna nazi."

Bibi Liang akacheka kwa furaha. "Unamfundisha lugha yako," alimwambia Ilham kwa kile Kichina cha polepole alichomwekea mgeni wake. "Amesema nini?"

Ilham hakuwahi kumfundisha hata neno moja.

"Amesema ameshiba, bibi."

Baada ya hapo cheko likaisha. Lan akashikwa na homa iliyopanda na kushuka bila sababu. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha ya kifua, wakamrudisha na vidonge. Mchana, nyumba ikitulia, Ilham alisikia ubao wa sakafu ukilia chini ya mtu anayetembea kutoka jikoni hadi kitandani kwa mtoto, na kila nyayo zile zilipofika pale, pumzi ya Lan ilipungua kidogo, kama kibatari ambacho kuna mtu anakipunguza utambi.

Akamwendea Maulid, mfanyabiashara wa Kizanzibari aliyekuwa akinunua nguo katika barabara ya Guangyuan Xilu, ambaye Waswahili wa pale walimjua kwa kusomea wagonjwa. Alimkuta amekalia robota la suruali, wapagazi wakimpita huku wakipiga kelele, akamweleza yote.

"Uliitikia?" Maulid alinong'ona.

"Niliitikia."

"Mtu hata hujamwona?"

"Hodi inaitikiwa kwa macho, kaka Maulid?"

"Na ulimi huo ndio uliokuponza. Nisikilize, dada yangu. Chukua begi lako utoke. Pale hotelini kwetu mwenzetu Jovitha ana kitanda kitupu chumbani kwake. Jini huyo akishampata mtoto, hana haja na wewe."

"Na Lan?"

"Wana dawa zao."

"Dawa zimeshindwa. Njoo umsomee."

"Mimi?" Maulid akatazama huku na huku. "Mimi nauza suruali, Ilham. Hao ninaowasomea wana mafua. Jini aliyevuka bahari yote ile kwa neno moja, mimi nitamwambia nini? Na mtoto mwenyewe si wako."

"Mtoto si wangu. Jini ni wangu."

"Ndiyo hivyo. Mzee wetu alikuwa akituambia, jini havuki kizingiti bila ruhusa ya mwenye nyumba. Wewe ukampa."

Ilham, aliyekwisha kugeuka, akarudi. "Hebu sema tena. Ruhusa ya nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mimi si mwenye nyumba," alisema taratibu. "Mimi ni mgeni."

Alirudi karibu mbio. Alimkuta Bibi Liang amelala kwa kukaa, kichwa ukutani, kitambaa cha maji bado mkononi, maana kwa siku nyingi hakuwa amefumba jicho. Lan alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa ya buluu, na chumba chote kilinuka udi.

"Nani kakukaribisha hapa?" Ilham aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wewe," ilijibu ile sauti ya mtu mzima kutoka kinywani mwa mtoto.

"Na mimi ni nani humu?"

"Mgeni."

"Mgeni hukaribisha mgeni?"

Maji yaliyokuwa yakichuruzika ukutani yalisimama.

"Karibu yangu ilikuwa batili," Ilham akaendelea, moyoni akijua ameshamshika. "Nyumba ina mwenyewe, mwenyewe ndiye huyu amelala, na hajakwambia neno. Toka."

Mtoto akatabasamu, tabasamu la bibi kizee aliyekuwa akilingoja neno hilo tangu alipoingia. "Umesema kweli, mwanangu. Nyumba si yako. Basi uliponikaribisha, ulinikaribisha wapi?"

Jibu Ilham alilijua, alilijua kama anavyolijua jina lake, kwamba kitanda kile si chake, wala kile chumba, wala bakuli analolia, wala ufunguo ulio mfukoni, na kwamba katika nyumba ile, na katika mji ule wote unaotoka jasho, kitu pekee alichokuwa na haki ya kumfungulia mtu kilikuwa nafsi yake.

"Naweza kukaa hapa," ile sauti ilisema kwa upole. "Huyu bado ana pumzi za kunitosha hadi jioni. Au niende nilikoalikwa."

Kifua cha Lan kilishuka. Kikachelewa kupanda.

"Mwache," Ilham alisema. "Pita huku."

Hakuona kitu. Alihisi baridi ikimwingia chini ya mbavu, ikakaa vizuri, kama mtu anayevua viatu. Lan akapiga chafya, akaanza kulia kwa Kichina, akitaka uji, na Bibi Liang akashtuka usingizini, akamkumbatia na kulia kuliko mtoto mwenyewe.

Ilham alifunga begi lake jioni ile. Bibi Liang alimsihi abaki, akamtilia machungwa ndani ya mfuko, akamshika mkono hadi mlangoni. Pale akamtazama usoni ili amuage, kisha akatazama nyuma ya bega lake, na mkono wake ukaachia.

"Nimen man zou," alisema kwa adabu, akiinamisha kichwa. Nendeni taratibu.

Kichina cha Ilham kilikuwa kimeshafika pa kujua kwamba mtu mmoja haambiwi nimen, yaani ninyi. Alingoja Bibi Liang ajisahihishe. Bibi Liang akafunga mlango, na Ilham akasikia mnyororo ukipachikwa kwa ndani.