Jini Mwenye Majina Arobaini na Mawili

Harufu ya mzoga ilianza Jumatatu, saa sita mchana, jua la Garissa likiwa limewafungia watu wote ndani. Qali alipiga deki. Akafukiza ubani. Akainua hata godoro. Nyumba yao ya kupanga pale Waberi haikuwa na kuku, sembuse mzoga, lakini ilinuka.

Jumanne kikaja kitu kinaramba mabati. Kwa nje, polepole, ulimi mkavu ukipanda na kushuka ukutani kama wa mnyama anayetafuta chumvi. Qali alitoka mbio. Hakuona kitu. Aliporudi, mumewe Kerrow alikuwa palepale mkekani, alipokuwa akishinda tangu ukame ummalizie ng'ombe kule Ijara na kumleta mjini mikono mitupu. Halali, hali, hasemi. Chai ya asubuhi ilikuwa imefanya utando.

Majirani walishasema Kerrow ana jini. Wazee nao, jini. Muuguzi wa zahanati peke yake ndiye aliyesema hii ni huzuni iliyozidi, inatibika, mlete Jumatano kabla ya saa tisa daktari hajaondoka. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Aden, kaka yake Kerrow, alicheka.

"Huzuni? Mwanaume mzima? Abaayo, dada yangu, utatutia aibu. Ukoo yetu haina wazimu. Jini ni sawa, jini inaingia mtu yeyote."

Qali alitamani kumrushia birika. Kumbe mgonjwa wa jini huhurumiwa na wa huzuni hufichwa, basi afadhali jini! Kwa akili hizo mtu wake alikuwa anakonda mbele ya macho yake.

Jumatano Aden alifika na gari lake, na Sheikh Abdullahi mtoa majini, na mnyororo.

"Ikikataa kutoka leo," Aden alinong'ona, "tunampeleka porini. Atafungwa mpaka itoke."

"Kijana wa jirani yetu Sugow alifungwa huko mwaka jana," Qali akasema. "Alirudi?"

Aden akaenda kufunga mlango, mnyororo mkononi.

Sheikh akasoma, akamnyunyizia Kerrow maji, akamwinamia sikioni. "Ewe kiumbe, taja jina lako!"

Mabati yakarambwa, na safari hii wote walisikia, maana Aden aliruka akashika kifua, na ile harufu ikapanda kutoka sakafuni nzito na tamu hadi Qali akaziba pua kwa shungi, na hapo Kerrow, ambaye hakuwa amefungua mdomo kwa miezi mitatu, akaanza kutaja kwa sauti ndogo iliyokauka, "Gaduudo... Barwaaqo... Adey... Sagal...", na kwa kila jina ulimi mwingine ukaongezeka huko nje, hadi kuta zote nne zikawa zinarambwa kwa pamoja na misumari inalia kwenye mbao.

"Mnaona?" Sheikh alipaza sauti, vidole vikihesabu tasbihi. "Wallahi, majini arobaini tayari!"

Qali alishusha shungi puani. Majina hayo aliyajua. Aliyaita kila alfajiri kwa miaka kumi na moja, kibuyu cha maziwa mkononi.

"Sheikh, hao ni ng'ombe wetu. Nimewakamua. Huyo Sagal alikufa Kerrow akimlisha maboksi yaliyolowekwa, kwa kukosa majani."

Kerrow hakuwa amemaliza. "Biliso," akasema. Kisha, kwa sauti ileile, akaongeza mmoja zaidi kwenye wafu wake.

"Kerrow."

Qali alihisi baridi, halafu hasira ikamjaa mpaka macho yakamwuma. Miezi mitatu! Mtu anajizika polepole chumbani, na wao wanabishana na jini.

"Aden, weka chini huo mnyororo. Washa gari. Ni saa nane na nusu."

Aden akamtazama Sheikh. Sheikh akajifuta jasho. "Mpelekeni," akasema kwa sauti ya chini. "Hii mimi sina dawa yake."

Aden na Qali walimketisha Kerrow katikati yao. Harufu ikaingia garini pamoja nao. Aden akashusha kioo, ikabaki. Walipofika barabara ya lami Qali akasikia mnong'ono, akamgeukia mumewe haraka, lakini midomo ya Kerrow ilikuwa imefumbwa. Ni Aden, macho barabarani, machozi yakimshuka hadi ndevuni, anataja ng'ombe wake mwenyewe waliokufa, ambao Qali hakuwahi kuwakamua.

"Endesha, walaal, ndugu yangu," Qali alimwambia. "Mtapimwa wote wawili."

Aden aliongeza mwendo. Alikuwa bado anataja.