Namba Isiyo na Mwenyewe

Asubuhi hiyo Mzee Waya alikuwa ameinamia printa ya shule ya jirani, akichokonoa mende aliyefia kwenye njia ya karatasi, na alikuwa na raha zake. Kazi ya mende haina lawama. Unamtoa, unamwonyesha mteja, na mteja mwenyewe ndiye anayeomba radhi. Mzee Waya alikuwa amezunguka bandari za watu miaka mingi akitengeneza kompyuta za meli, na alichorudi nacho nyumbani ni mgongo mbovu, kitambi, na ustadi wa kutukana kwa lugha ambazo mtaani hakuna anayezielewa. Nyuma ya pazia, chumba cha pili, mkewe alikuwa akishona. Cherehani ilikwenda mbio, ikatulia, ikaenda tena.

Mdogo wake akaingia kwa mlango wa uani.

Nyumbani walimwita Kasuku, kwa sababu utotoni alikuwa haishiwi maneno. Akakua, akapata kazi kwenye ile ofisi ambayo watu wakipita mbele yake huangalia viatu vyao. Mwenyewe husema yuko kwenye takwimu. Ukimwuliza takwimu za nini, anajibu za kawaida. Ukoo mzima unajua, na ukoo mzima humwuliza habari za takwimu kwa adabu kubwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona unaingia kama mwizi wa kuku?"

"Shemeji yupo?"

"Si unasikia cherehani? Au unadhani ni mimi nasaga meno?"

Kasuku hakucheka. Akatoa kompyuta mpakato iliyozungushiwa taulo, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa.

"Hii haitakiwi kutoka ofisini," alinong'ona.

"Basi irudishe. Mimi bado nina mende."

"Kaka. Ina mafaili yananijua."

Mzee Waya akaweka bisibisi chini. Kasuku akaeleza. Alipopewa meza pale ofisini, alipewa na mashine. Siku ya kwanza tu akakuta humo makabrasha tele: barua, picha, sauti zilizorekodiwa. Hakuandika yeye. Lakini mashine ilisema ni yake, na kila alipogusa kabrasha lilifunguka bila kumwuliza neno la siri.

Fundi akashusha pumzi, akacheka. Alikuwa ameogopa kusikia kitu kikubwa zaidi.

"Wewe unadhani kompyuta inakujua kwa jina? Jina ni la kutufurahisha sisi. Kule ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, kila mtu ni namba. Faili linabeba namba ya mwenyewe, basi. Sasa mtu akiondolewa, wanafuta jina. Namba inabaki imeganda kwenye kila alichogusa. Akija mgeni, na msajili ni mvivu, mashine inampa namba ile iliyo wazi. Kila cha marehemu kinakuwa chako. Wamekuvika shati la mtu bila kulifua, hakuna cha ajabu."

"Nani kasema marehemu?"

"Ni namna ya kusema, bwana."

Kasuku akatazama pazia. Cherehani ilikuwa imetulia. Ikaanza tena.

"Niliuliza meza ile ilikuwa ya nani," akasema. "Wakaniambia haikuwahi kuwa na mtu. Nikauliza tena. Mkubwa wangu akanipa kiti, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kabisa kwamba sikuwahi kuuliza."

Kisha akasema lililomleta. Juzi alikuwa anapita sokoni, mchana kweupe, akasimama penye baiskeli iliyofungwa kwa kufuli la tarakimu. Akazungusha tarakimu. Kufuli likafunguka. Akapanda, akaendesha hadi mtaa wa pili ndipo akakumbuka kwamba hana baiskeli.

"Ungeniletea, nimechoka kutembea," alisema Mzee Waya, lakini kicheko kilimkwama njiani, kwa sababu aliona mdogo wake ameshika kalamu na anachorachora pembeni ya gazeti. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto.

Kasuku hakuwa mtu wa kushoto.

Hapo mteja akaingia kwa mlango wa mbele. Mwanamume wa makamo, shati safi, anataka chaja. Mzee Waya akamtajia bei ya kijinga, ile ya kuanzia mabishano. Mtu yule akasema sawa. Hakuomba kupunguziwa. Akatazama taulo lililokuwa mezani, akatazama mkono wa Kasuku, akaondoka bila chaja.

"Unamjua?" fundi akanong'ona.

"Hapana."

"Hapana ya takwimu au hapana ya kweli?"

Kasuku akainamia gazeti. Na hapo shaka ikamwingia Mzee Waya vibaya, si juu ya mteja tu. Vipi kama mashine hii imeletwa makusudi, kupima nani atafungua mdomo? Na huyu aliyekaa mbele yake, kwa nini anakwepa macho yake?

"Hebu," akasema. "Yule jogoo wa jirani, tulipomuua kwa mpira, tulimficha wapi?"

Uso wa Kasuku ukachangamka, ukawa ule wa zamani. "Kwenye pipa la nguo chafu! Mama akaja kufua, akapiga yowe mtaa mzima ukajaa!"

Wakacheka wote wawili. Mzee Waya akafuta machozi. Ni yeye huyu, akajiambia. Ni mdogo wangu mwenyewe.

"Na dada alivyotukasirikia," Kasuku akaendelea. "Hakusema nasi wiki nzima."

Feni ilizunguka. Cherehani ilikwenda mbio.

Hawakuwa na dada.

Mzee Waya akainuka. Alifunga mlango wa mbele, akakaa, akaiwasha mashine. Aliingia kwa njia za mafundi, akaomba aonyeshwe ni nini kiko macho humo ndani. Programu zikajipanga. Nyingi ni za mfumo wenyewe. Moja ilikuwa ya namba ya Kasuku. Kasuku mwenyewe alikuwa hajaingia kwenye mashine. Mikono yake ilikuwa magotini.

Akaizima programu ile.

Ikarudi.

Akaizima tena. Ikarudi kabla hajanyanyua kidole.

"Nakutoa humu," alisema. "Nakupa namba mpya, mbali kabisa na hii. Ulichoandika wewe kitakuja nawe. Vingine vibaki."

"Usifute kitu. Wakikuta pengo, nitakwenda alikokwenda yeye."

"Si umesema hakuna mtu?"

"Kaka, fanya."

Akafanya. Kazi yenyewe ni amri chache, mtoto wa shule angeweza. Alipopiga ya mwisho, Kasuku alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Kalamu ikamdondoka. Akaiokota kwa mkono wa kulia.

"Dada alitukasirikia wiki nzima?" fundi akamwuliza.

"Dada yupi? Kaka, umeanza kuzeeka au ni huyu mende?"

Mzee Waya alimkumbatia, jambo ambalo halikuwa kawaida yao, hata Kasuku akaona haya. Kutoka nyuma ya pazia shemeji yake akapaza sauti, "Mnapigana au mnapendana huko?" Wakacheka. Kwenye kioo cha mashine, yale makabrasha yalikuwa yamebaki na namba tupu pembeni, bila jina.

Sasa, mafundi wana tabia zao. Mzee Waya hawezi kurudisha mashine ya mtu kabla hajaijaribu kwa kusajili mtumiaji mpya, kwa jina lake mwenyewe, aone kama inapokea wageni. Alikuwa na furaha, na mikono ikafanya yenyewe kama inavyofanya siku zote. Mashine ikakubali. Akatupia jicho makabrasha.

Yalikuwa na jina.

Lilikuwa lake.

Mashine ilikuwa imempa namba iliyokuwa wazi.

Alilifuta haraka. Lilikaa pale kitambo kidogo tu, muda wa kupiga chafya. Aliizima mashine, akaifunga kwa taulo, akamwambia mdogo wake kila kitu kiko sawa. Kasuku akaondoka kwa mlango wa uani akiimba kwa mdomo uliofungwa. Hajafungua kufuli la mtu tangu siku ile. Huja Jumapili, huongea hadi chakula kinapoa, na ukoo mzima umeshaanza kumwomba anyamaze.

Juma lililofuata, mchana, Mzee Waya alikuwa anamrudishia mwalimu printa yake alipoona mwanamke amesimama mlangoni. Hakuwa wa mtaa ule. Alikuwa ameshikwa mkono na mtoto wa kike mwenye sare ya shule, na ilikuwa wazi nani anamvuta nani. Mwalimu akabeba printa yake, akaaga.

"Samahani, baba," mwanamke alisema. "Amenivuta kutoka ng'ambo ya barabara. Nimemwambia si huyu, hasikii."

"Si huyu nani, mama?"

Mwanamke akaangalia nyuma yake kwanza. Sauti yake ikashuka hadi karibu na kutosikika.

"Baba yake. Alitoka kwenda kazini. Nilipokwenda kuuliza, nikaambiwa sikuwahi kuwa na mume."

Mzee Waya alitaka kusema pole. Alikuwa na neno lenyewe mdomoni. Alitaka kumweleza kwamba yeye ni fundi tu, mzee mwenye mgongo mbovu, na watoto wake wameshaoa na kuolewa. Badala yake magoti yakajikunja. Mgongo haukuuma. Akamwinamia yule mtoto, akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, kwa upole ambao hakujua ameutoa wapi:

"Lile la mbele, la juu, limeshang'oka?"

Mtoto akatabasamu. Pengo.

Mwanamke akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nilikuwekea," mtoto akasema, akachomoa kitu mfukoni, akakibana kwenye kiganja cha Mzee Waya na kumkunjia vidole kimoja kimoja.

Nyuma ya pazia, cherehani ikanyamaza. Haikuanza tena.

Mwanamke alimnyakua mtoto wakaondoka wakikimbia, na hakuna aliyewaona tena upande ule. Kwenye nyumba ya fundi hakuna aliyeng'oka jino la utoto kwa miaka mingi, lakini jino lipo, dogo, jeupe, kwenye kikopo cha vifungo. Mkewe ndiye aliyeliweka. Hajauliza ni la nani. Huligeuza kwa ncha ya kidole anaposhona, na jioni mumewe akiingia chumbani, humwacha asimame kidogo mlangoni kama mgeni kabla hajamwitikia.