Nani Alikuomba Kasi?

Foleni ya duka la kuchapisha ilikuwa imefika mlangoni, na kila mtu ana haraka yake. Mshonaji alisimama katikati na gauni lake la njano alilolishona mwenyewe, laptopu mkononi, hasira zimempanda. Ukurasa aliotaka kuuchapisha ulikuwa unazunguka tu bila kufunguka.

"Dada, hicho kivinjari chako cha intaneti kizito," sauti ikasema nyuma yake. "Kina kila kitu, lakini kinakula mashine nzima. Tena kinakuchungulia."

"Kinanichungulia mimi?"

"Ukitafuta lesi leo, kesho matangazo ya lesi yanakufuata mpaka kwenye habari."

Alicheka bila kupenda. Msemaji alikuwa fundi kompyuta, shati lake limepigwa pasi upande mmoja. Kabla foleni haijasogea wakawa wameshapeana namba.

Mapenzi yakanoga. Kila mchana simu iliita: mpenzi umekula? Kisha habari za vivinjari zikaanza. Hiki kina kasi lakini hakina siri, kile kinatunza siri lakini hakikumbuki nywila.

"Huyo anakupenda wewe au mashine?" aliuliza shangazi yake, ambaye walishona chumba kimoja.

"Vyote, shangazi."

Kilichomkera ni kimoja. Fundi hakungoja kuombwa ndipo arekebishe. Alimbadilishia mlio wa simu. Alimsogezea cherehani dirishani, eti kuna mwanga, na sasa jua lilimchoma shingo kutwa. Mshonaji alinyamaza kwa sababu alimpenda.

Mpaka siku alipofungua laptopu, ambayo jana yake fundi alikuwa ameishika, akakuta kurasa zake zote zimetoweka. Akampigia.

"Mpenzi! Umeonaje? Kinafunguka fasta, eh?"

"Kurasa zangu ziko wapi?"

"Ndizo zilikuwa zinakuchelewesha. Nimeondoa kile kivinjari cha zamani na vyote vilivyokuwemo. Hiki kipya ukikifunga hakikumbuki kitu. Faragha safi!"

"Vipimo vya bibi harusi ninayemshonea vilikuwa humo! Na mishono aliyochagua!"

"Hukuhifadhi mahali pengine?"

"Niliviacha wazi makusudi, nivione kila nikishona."

"Lakini ukilinganisha kasi ya—"

"Nani alikuomba kasi?" Akakata simu.

Bibi harusi naye hakutaka kusikia habari za vivinjari. Kuulizwa vipimo upya wiki ya harusi! Alikuja na dada yake, wakachukua kitambaa chao wakaondoka. Mshonaji alilia kwa hasira. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mchana ukifika, bado aliitazama simu. Ikiita, hakuipokea.

Hatimaye fundi akaja mwenyewe, bila begi la vifaa.

"Leo umekuja kurekebisha nini?" shangazi alimuuliza mlangoni.

"Sirekebishi kitu, shangazi. Naomba radhi." Akamgeukia mshonaji. "Niliona kizito tu. Sikuuliza wewe unakitumiaje. Nimekupotezea kazi."

"Na cherehani?"

"Na cherehani. Na mlio wa simu."

Mshonaji hakutabasamu. Alimsogezea laptopu. "Nirudishie cha zamani."

Fundi alikirudisha, akiuliza kila hatua. Kisha mshonaji akafungua ukurasa wa mishono. Ukaanza kuzunguka.

"Kaa hapo. Usiguse."

Fundi akakalia mikono yake. Ukurasa ulizunguka. Mabega yalimcheza, jasho likamtoka puani, lakini mikono haikutoka.

"Naweza kuuliza kitu?"

"Uliza."

"Mimi nataka tuoane. Wewe unataka?"

Cherehani ya shangazi ilinyamaza ghafla. Mshonaji alimtazama mwanamume huyu aliyehamisha nusu ya chumba chake bila ruhusa, sasa kakaa kama mtoto aliyeadhibiwa. Hasira bado ilikuwepo. Mapenzi nayo yalikuwepo, mengi.

"Nataka," akasema. "Lakini cherehani yangu iondoke juani leo hii."

Fundi akainuka, akaishika cherehani, kisha akasimama.

"Niiweke wapi?" akauliza.