Akaunti ya Mdogo Wangu Bado Iko Hewani

Jumatatu, jua likielekea kuzama, mama alinituma kazi ndogo: nikaifute akaunti ya marehemu mdogo wangu.

"Watu wananiambia bado wanamwona mtandaoni," alisema. "Kitone cha kijani kinawaka. Kaifute, mwanangu. Apumzike, na sisi tupumzike."

Kazi ya dakika tano. Nilichukua funguo za studio nikaenda.

Mimi ni mpiga picha. Pasipoti, vitambulisho, mahafali, mtoto kutimiza mwaka… ndiyo kazi yangu miaka kumi na mbili sasa. Chumba cha mbele kina meza, kompyuta na printa. Nyuma ya pazia zito la bluu kuna kigoda cha chuma, taa mbili na kitambaa cheupe ukutani. Ndani mle kunanukia wino na poda, kwa sababu kila anayekaa pale nampaka poda kidogo kwenye paji la uso ili asing'ae.

Mdogo wangu tulimwita Kidoti. Alikuwa na alama nyeusi pembeni ya mdomo, ndogo kama punje ya ufuta. Mwalimu wa chekechea, mcheshi kwa watoto, mwenye haya kwa watu wazima. Alipotimiza miaka thelathini alinijia studioni, akafunga mlango, akanong'ona utadhani ameua mtu:

"Dada, nichagulie mtandao wa kutafuta mchumba. Wa bure. Wewe ndiye unayejua kompyuta."

Tulichagua jioni nzima, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Wa kwanza ulijiita wa bure, kumbe unataka kadi ya benki kabla hujaona hata uso wa mtu. Tukauacha. Wa pili ulikuwa wa bure kweli, lakini ulitaka kitambulisho, halafu ujirekodi video ukigeuza uso kulia na kushoto ili wahakikishe ni wewe. Kidoti akaona haya. Nami nikamtania, "Kwani unaomba kazi ya uaskari? Achana nao." Wa tatu haukuuliza kitu. Picha moja na jina lolote unalolitaka. Juu yake pameandikwa: Bure kabisa, bure milele.

Nikamchagulia huo.

Picha nilimpiga mwenyewe, amevaa blauzi ya njano, kuanzia kiunoni kwenda juu. Kisha nikaisafisha kwenye kompyuta. Ngozi, macho, meno… hata ile alama ya mdomoni nikaifuta.

"Sasa huyu ni nani?" akalalamika.

"Huyu ni wewe siku ya harusi yako."

Humo ndimo alimokutana na mwanaume aliyejiita Mhandisi Mpole. Miezi mitatu ya "umeshakula, malaika wangu?" Miezi mitatu ya ahadi. Akaomba picha za faragha, akapewa. Siku Kidoti alipomwambia aje nyumbani ajitambulishe, zile picha zikasambaa. Kwa walimu wenzake. Kwa wazazi wa watoto. Kwa mama. Halafu yule bwana akatuma neno moja, "Jifunze," akafunga akaunti yake. Polisi walitafuta jina, namba, mahali anapokaa… hakuna. Mtandao haukuwahi kumuuliza.

Siku ya nne Kidoti alijifungia chumbani. Tulipouvunja mlango tulikuwa tumechelewa.

Sitaki kumdanganya mtu. Tangu siku ile sikutaka haki wala sheria. Nilitaka aumie. Na nilijua nani aliyechagua ule mtandao, kwa hiyo hasira yangu ilikuwa na pande mbili, na upande mmoja ulikuwa unanitafuna mwenyewe.

Basi Jumatatu hiyo niliwasha kompyuta, nikaingiza neno la siri la marehemu.

Kitone cha kijani kilikuwa kinawaka.

Nikadhani ni hitilafu. Nikafungua ujumbe. Meseji ya mwisho kutoka kwake ilitumwa alfajiri ile, saa kumi na moja na dakika saba. Kidoti alikuwa na wiki sita kaburini.

"Nimekusamehe. Nakukumbuka. Nina picha mpya, lakini situmi tena. Njoo uzione."

Chini yake palikuwa na jibu, kutoka akaunti mpya kabisa, yenye picha ya mtu aliyevaa kofia ya ujenzi. "Umeshakula, malaika wangu? Dada yako hajui?"

"Dada hajui kitu. Njoo Alhamisi, jua likizama. Studioni kwake."

Lile neno la siri tulilijua watu wawili tu. Simu ya Kidoti iko kwenye kabati la polisi hadi leo.

Nyuma ya pazia, kigoda kikalia.

Kriii…

Harufu ya poda ikaja. Mbichi, kana kwamba imetoka kupakwa.

"Nani?"

Pazia halikutikisika.

Mtu mwenye akili zake angekimbia. Angewapelekea polisi zile meseji. Mimi niliweka vidole kwenye kibodi nikaongeza mstari mmoja kwa mkono wangu: "Njoo peke yako."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nimeshaifuta. Akutendaye mtende, nilijiambia njiani. Nusu ya pili ya methali hiyo, mche asiyekutenda, sikuhangaika nayo.

Alhamisi alikuja.

Alikuwa mfupi, msafi, marashi yanamtangulia. Alikuwa na uso wa kawaida kabisa, uso ninaoupiga picha mara ishirini kwa siku. Nilikuwa nimejiandaa kuona shetani, na kuona mtu wa kawaida namna ile kulinichoma zaidi.

"Habari za jioni, dada. Nimeambiwa mwalimu yupo."

"Mwalimu yupi?"

Akatabasamu. "Yule mrembo."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ndogo… ya kunong'ona…

"Mpishe, dada."

Ilikuwa sauti yake. Ile ile aliyoniombea nimchagulie mtandao.

Yule mtu akanikonyeza, akapita. Nikamfuata na kamera mkononi. Sikumbuki niliichukua saa ngapi.

Kidoti alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele ya kitambaa cheupe. Blauzi ya njano. Tabasamu lisilopungua wala kuzidi. Macho hayapepesi. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikataka kumkimbilia nimkumbatie. Kisha nikatazama pembeni ya mdomo wake.

Hapakuwa na alama.

Nikatazama chini. Blauzi iliishia kiunoni, pale pale nilipoikata picha. Chini ya hapo palikuwa na kigoda tu.

Yule bwana alikuwa bado hajaona, taa zilimmulika machoni. "Mbona umekaza uso, malaika? Simama basi nikuone."

"Siwezi kusimama," Kidoti alisema, na midomo haikucheza. "Njoo wewe. Kaa karibu. Tupigwe picha."

Akainama kumshika kiuno. Mkono ukapita patupu.

Hapo ndipo alipoona. Akafungua mdomo, sauti ikagoma. Akataka kurudi nyuma, lakini bega lake lilikuwa limeshagusa bega la njano na halikubanduka. Akageuka kunitazama mimi. Mimi! Macho yananiomba, yananiita dada.

"Umeshakula?" nikamuuliza.

"Piga, dada," Kidoti akanong'ona.

Nikaweka fremu kama ninavyoiweka siku zote, kuanzia kiunoni kwenda juu.

Nikapiga.

Pwaa!

Mwanga ulipotulia, kigoda kilikuwa kitupu. Kwenye kioo cha kamera walikuwemo watu wawili. Mmoja anatabasamu. Mwingine kafungua mdomo, na mdomo ule ulikuwa bado unasogea… polepole… ndani ya picha.

Sakafuni vilibaki viatu vyake.

Havikuwa vitupu.

Nilichofanya navyo sitakiandika. Nilipiga deki mara tatu, nikafunga studio, nikaenda nyumbani nikala sahani mbili, mama ananishangaa. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi sana, na nililala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jumamosi nikaingia kwenye akaunti ili sasa niifunge kweli. Kitone cha kijani kilikuwa kinawaka. Nikabonyeza "Futa akaunti." Ule mtandao ambao haukuwahi kumuuliza mtu chochote, siku hiyo ukauliza.

"Ili kufunga, mwenye akaunti ageuze uso kulia na kushoto mbele ya kamera."

Nikatafuta mahali pa kulalamika. Kwa nani? Cha bure hakina mwenyewe. Nikarudi kwenye meseji nifute moja moja, na hapo nikaona mazungumzo mengine. Kumi na moja. Wanaume kumi na mmoja, kila mmoja kapewa Alhamisi yake, jua likizama.

Nilisoma yote, nikitafuta makosa yao. Nilitamani niyakute, Mungu anisamehe. Wawili watatu walikuwa waongo, hilo niliona. Lakini wa Alhamisi iliyofuata alikuwa fundi saa, mjane mwenye binti mmoja. Hakuomba picha hata moja. Alikuwa ameuliza, "Je, dada yako ataniruhusu? Ningependa nimsalimie yeye kwanza."

Nikamwandikia: "Usije." Nikatuma. Herufi zikajipanga upya mbele ya macho yangu.

"Usichelewe."

Alhamisi asubuhi niliweka kamera yangu sakafuni nikaipiga nyundo mpaka ikawa vipande. Nikachomoa taa. Nikafunga studio kwa kufuli mbili. Jioni nikasimama nje, mgongo mlangoni, nimzuie.

Alifika mapema. Mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikono, miwani mikubwa. Akaniamkia kwa adabu ingawa alinizidi umri.

"Wewe ndiye dada mtu. Nimekujua kwa macho, mmefanana."

"Baba, nenda nyumbani. Huyo unayemtafuta amefariki. Nimemzika mwenyewe."

Hakukasirika. Alinionea huruma, nadhani, kama unavyomwonea huruma ndugu mwenye wivu. Akanionyesha simu yake. Meseji ilikuwa ya dakika ile ile: "Dada atakwambia nimekufa. Usimjali. Mlango uko wazi."

Nyuma yangu, kufuli zikaanguka chini. Moja… mbili…

Harufu ya poda ikatoka mpaka barabarani.

Nikaingia mbio kabla yake, nikasimama mbele ya pazia. Upande wa pili taa nilizozichomoa zilikuwa zinawaka.

"Huyu hana kosa," nikanong'ona. "Mdogo wangu, huyu hajakukosea kitu. Ana mtoto. Wa kwako umeshampata, basi."

"Ulisema wote, dada."

Ni kweli, nilisema. Wiki sita, kila jioni kabla ya kufunga, nilisimama mbele ya picha yake ile ya blauzi ya njano, iliyotundikwa juu ya printa, na sikumwombea marehemu hata mara moja. Nilikuwa nikimwambia: wote, mdogo wangu, wachukue wote, asibaki hata mmoja. Kile kilichokaa kwenye kigoda sijui ni nini. Kina uso nilioutengeneza mimi, na kwa wiki sita hakikusikia neno lingine kutoka kwangu.

"Nimefuta maneno yangu," nikasema. "Sikia, nimeyafuta."

"Hayafutiki," kikajibu, bila chuki yoyote.

Fundi saa alikuwa ameshafika nyuma yangu. Aliisikia ile sauti na uso wake wote ukafunguka. Nikamshika mkono wa shati kwa nguvu zangu zote. Akanibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, huku akiniambia nisiwe na wasiwasi, yeye si mtu mbaya. Akalipita pazia, likajifunga.

Nikajipa moyo. Kamera nimeivunja. Bila kamera hawezi kumfanya kitu.

Ndani nikamsikia yule baba akicheka kwa aibu.

"Tupige picha?" alisema. "Sawa, mama. Subiri nitoe simu yangu."